Mashine Iliyonyamaza Kariakoo Ikanguruma Nyumbani

Mtu akipoteza sauti, watu wanamfanya kiziwi. Sijui ni nani aliyewafundisha hivyo. Naingia dukani, naonyesha sukari kwa kidole, nagusa shingo ili muuzaji aelewe kwamba sisemi, na yeye anainama mpaka sikioni mwangu ananipigia ukelele kana kwamba niko ng'ambo ya mto: unataka kilo ngapi, mzee? Masikio yangu ni mazima kabisa. Tena yamekuwa makali kuliko zamani, maana mtu asiyesema hana kazi nyingine ila kusikiliza. Nasikia panya akiguguna nyumba ya pili. Nasikia na wale wanaoniteta wakiwa wamekaa mbele yangu.

Nimeanza na hasira, mnisamehe, na msiponisamehe shauri yenu. Binti yangu Sharifa ndiye aliyesema niandike. Alisema, baba, kuna watu wanakatwa koo kama wewe, wanarudi nyumbani, na hakuna wa kuwaambia lolote kuhusu hizi mashine za unyevu. Ni kweli. Mimi hakuna aliyeniambia, na nusura nife kwa kutoambiwa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, huko kwetu upande wa Lindi, na hilo la nne lenyewe lilikatizwa na msimu wa korosho, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya kidaktari. Sijui ugonjwa ulitoka wapi. Kuna wanaosema sigara, na mimi sikuvuta. Kuna wanaosema vumbi la marobota ya mitumba. Kuna na wanaosema mambo ya kurogwa, hao sitaki hata kuwajibu, na siku hizi wamepata bahati, siwezi kuwajibu.

Nilikuwa nauza mitumba sokoni Mchikichini. Robota likikatwa kamba, mimi napanda juu ya meza, nashika shati kwa mabega yake mawili nalinadi. Wanaonikumbuka wanajua. Sauti ikaanza kukwaruza, nikanywa tangawizi. Ikazidi, nikanywa tangawizi na asali. Ikawa kama mtu anaburuta bati, wenzangu wakacheka wakasema Mzee Likwati amebalehe tena, nami nikacheka nao. Mwaka mzima nilikunywa tangawizi. Wewe unayesoma hapa, kama sauti yako inakwaruza na wiki zinapita tu, weka tangawizi chini uende hospitali. Leo. Hilo ni la kwanza, na kama hutaki kusoma mengine basi ishia hapo.

Walinipasua wakati wa masika. Mvua ya mwaka ule mnaijua. Sharifa ameolewa Magomeni, na siku niliyozinduka bonde la Jangwani lilikuwa limejaa maji, barabara imefungwa, mtoto amesimama upande wa pili na chupa ya uji anatazama maji yanapita na magodoro ya watu. Aliyekuwa kando yangu ni mke wangu, Somoe. Yeye alilala kwenye kanga chini ya kitanda changu mpaka walinzi wakamzoea wakaacha kumfukuza.

Wameondoa koromeo lote. Napumua kwa tundu hapa chini ya shingo, pale kifua kinapoanzia, na ndani ya tundu kuna mpira mfupi wa kupumulia unaotolewa na kuoshwa. Pua imebaki pambo. Samaki akiungua jikoni sijui. Kuoga, natakiwa niinamishe kichwa kama mtu anayeomba radhi, maji yasiingie. Nikicheka, tumbo linatikisika tu. Na siku ile wodini nilipolia, mtu wa kitanda cha jirani hakugeuka hata uso, na si kwa ubaya. Hakusikia. Nililia vizuri kabisa, na hakuna aliyejua.

Mionzi nilipigwa kipupwe. Asubuhi unafika, unakaa benchi, mnasogea makalio kwa makalio kama watu wa foleni ya unga enzi zile. Muuguzi anatoka na faili, kichwa chini, anaita jina. Ukiitwa unatakiwa kusema nipo. Sasa jamani. Kliniki ya watu waliokatwa koo, na wao wanataka mtu aseme nipo. Niliitwa, nikanyoosha mkono, yeye macho yako kwenye faili. Akaita mara ya pili, nikasimama, akaligeuza faili akaita mwingine. Nilirudi kukaa, wakamaliza watu wote, wakaenda kunywa chai. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu kulikuwa na mama mmoja mnene wa Songea, ana uvimbe wake shavuni, wala hatufahamiani. Jina lilipoitwa na mimi nikasimama, yule mama aliwaka. Alimwambia muuguzi, "Inua macho, dada. Huyu yupo. Angekuwa na sauti asingekuja hapa." Toka siku hiyo akawa ananisemea. Tukiitwa mimi au yeye, ni yeye anayejibu. Sikuwahi kumuuliza jina lake, nitaulizaje. Kipupwe kilipoisha hakuonekana tena. Namwombea popote alipo.

Haya, nilikuwa nataka kusema mashine.

Baada ya mionzi nilianza kukauka. Mnavyopumua ninyi, pua inalowesha hewa kabla haijafika ndani. Mimi hewa inaingia shingoni moja kwa moja, na vumbi lake, na upepo wa feni, basi makohozi yanakauka yanakuwa kigaga kigumu kama gome, na kigaga kikikaa vibaya kinaziba mpira. Kikiziba, hakuna njia nyingine. Pua si njia, mdomo si njia. Ni pale tu. Somoe alifundishwa: anatia matone ya maji ya chumvi, mimi nakohoa, kigaga kinajitokeza, anakinasa kwa kibanio. Kazi ya dakika moja, lakini lazima awepo, maana kujitoa mwenyewe kwenye kioo kunataka mkono usiotetemeka, na mtu anayekosa pumzi mkono wake unatetemeka. Sasa Somoe anakaanga vitumbua uani, ndicho tunachokula. Mimi nalala ndani baada ya chakula cha mchana. Nitamwitaje?

Sharifa alileta kengele. Ilikuwa na mlio uleule wa baiskeli ya koni. Nikiipiga, watoto wa nyumba nzima wanakimbilia dirishani kwangu na shilingi mkononi. Tukaiacha. Tukakubaliana nigonge kwa pete yangu kwenye chuma cha kitanda, mara tatu za harakaharaka. Pete haitoki kidoleni mwangu siku zote, na chuma kile kinalia vizuri, uani anasikia. Hapo ndipo yalipo maisha yangu yote, wajameni. Nigonge, Somoe asikie. Mengine yote ninayoandika hapa yanaishia hapo.

Muuguzi mmoja, siyo yule wa faili, mwingine, alisema tutafute mashine ya unyevu, inayotoa umande chumbani, hasa wakati huu ambapo feni haizimwi. Dukani wanaiita hyumidifaya. Akasema ile ya ubaridi, si ya kuchemsha maji.

Habari zikamfikia dada yangu mkubwa, Dada Hadija, anayekaa Buguruni. Alifika na kicheko. Dar es Salaam hii, alisema, nguo zinaota ukungu kabatini, chumvi inalowa kwenye kopo, halafu mtu anunue unyevu? Mbona asikae tu nje jasho limtoke bure? Majirani wakacheka naye. Somoe alijaribu kumweleza habari ya pua, Dada Hadija akasema yeye hajazaliwa jana. Kesho yake akarudi na majani ya mkaratusi na mwarobaini na mchaichai, sufuria linatokota, na blanketi zito, anataka anifunike nijifukize kama watu walivyojifukiza wakati ule wa ugonjwa wa dunia nzima. Mvuke wa moto, kwenye tundu bichi la shingo. Mimi natikisa kichwa, yeye anasema unaona, amekubali. Somoe aliinua sufuria kwa kanga mbili, akaenda kulimwaga mtaroni na majani yake yote, akarudi akaendelea kupepeta mchele. Wifi mtu na wifi yake hawakusalimiana mpaka Idi. Na mimi katikati, nawapenda wote, na siwezi kumwambia hata mmoja nyamaza.

Basi tukaenda Kariakoo, mimi na Sharifa. Kuna duka la vyombo vya umeme, sitalitaja, na wao hawana haja ya kutajwa, wanajijua. Kijana wa dukani alitupokea vizuri, shikamoo mzee, marahaba nikaitoa kwa kichwa. Sharifa akamweleza: tunataka isiyo ghali, na isiyo na kelele hata kidogo, kwa sababu mzee anaita kwa kugonga. Kijana akaleta dude refu jeusi, lina taa zinazobadilika rangi, lina rimoti. Kule kwetu sokoni, mnajua utaratibu: mali ikishavuka kizingiti hairudi, kwa hiyo unajaribu palepale kwenye kaunta. Unawasha, unazima, unageuza, unaridhika, ndipo unatoa hela. Nimefanya biashara maisha yangu yote kwa utaratibu huo na nimewafukuza watu wengi waliorudi na shati siku ya pili. Kwa hiyo tukajaribu.

Akaiwasha. Umande ukapanda, mweupe, mzuri. "Weka sikio, mzee wangu," akasema. Nikaweka sikio. Kimya. Sharifa naye akaweka sikio. Kimya kabisa. Kijana akacheka akasema, "Hii imetulia kuliko hata wewe, mzee." Sharifa alimkata jicho. Mimi nilimeza. Nimezoea kumeza. Tukalipa, na ilikuwa ghali kuliko tulivyopanga, ila tukasema kimya kina bei yake.

Sasa tuambizane ukweli. Nje ya duka lile kulikuwa na spika inayorudia bei ya sufuria tangu asubuhi. Kando yake spika nyingine inarudia bei ya soksi. Jenereta la jengo, mkokoteni unaomba njia, honi, mtu wa maji, mtu wa karanga, fundi anayekata vioo. Hapo hata ukiwasha trekta litaonekana limetulia. Na mimi, mtu niliyepiga kelele sokoni hapohapo jirani maisha yangu yote, mimi niliyechangia ile kelele, nikaweka sikio katikati yake nikasema naam, hii haina sauti. Watu wa soko hatusikii soko. Nadhani hakuna mtu mwingine duniani angefanya kosa hilo. Mtu wa shamba angeuliza, jamani, hapa mtu anasikia nini?

Tulipoiwasha nyumbani, ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Nasema kweli. Glasi kabatini ilikuwa inatetemeka. Somoe alisimama mlangoni na mwiko, akauliza kama hiyo ndiyo iliyonyamaza. Sharifa akasema labda itapoa ikizoea. Dada Hadija alipopita kunisalimia akasema inafaa kuwekwa udi, na alikuwa amekuja na mafuta ya udi kwenye mkoba, kidogo atie matone kwenye maji. Nilimshika mkono. Moshi na manukato kwangu ni kama kunimwagia pilipili kifuani. Alinuna. Lakini umande ulisaidia, siwezi kudanganya, vigaga vilipungua, nikawa nakohoa laini. Kwa hiyo tukavumilia. Imeshanunuliwa, hairudi. Tukajiambia tutazoea, na ubaya wenyewe ndio huo, tulizoea. Kelele zikageuka kitu cha kawaida, na hakuna aliyekaa chini akajiuliza: hivi pete inasikika?

Ilikuwa mchana, baada ya wali. Jua kali, vuli bado haijaanza. Mashine inanguruma kwenye stuli, mimi nimejilaza. Nikashtuka nimezibwa. Si kwa kuzibwa nusu, kwa kuzibwa kabisa. Nikagonga mara tatu. Nikangoja. Nikagonga tena, sasa kwa nguvu mpaka kidole kikachubuka. Namsikia Somoe nje anaongea na jirani, anacheka. Mimi namsikia yeye. Yeye hanisikii mimi, lile dude lipo katikati yetu, karibu na mlango, linanguruma. Macho yakaanza kuona nyota. Mlango ulikuwa mbali kwangu kuliko soketi. Sikuwaza, sijui ni nani aliyewaza kwa niaba yangu. Nilijitupa chini nikavuta waya.

Kimya kikaanguka chumbani. Na hapo hapo Somoe akauliza kutoka uani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeme umeisha?"

Mimi sakafuni nina waya mkononi. Akaingia kutazama kama taa inawaka. Hakuja kwa sababu alisikia pete yangu, alikuja kuuliza umeme. Akanikuta. Alinikalia kifuani kama mtu anayechinja, matone, kibanio, nikakohoa, kikatoka kigaga kikubwa kama ganda la karanga, na hewa ikaingia na mlio. Mikono yake ilikuwa na unga wa vitumbua na unga ukanijaa mpaka ndevuni.

Hakulia wakati ule. Alikaa sakafuni akaegemea kitanda. Halafu akasema, "Baba Sharifa, nilikuwa hapo mlangoni. Nilikuwa nacheka. Wewe unakufa, mimi nacheka habari za ndoa ya watu." Nikamshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu. Akasimama, akalibeba lile dude na maji yake, akalitoa nje, akalibwaga uani mbele ya kila mtu, na taa zake za rangi.

Kesho yake tulienda watatu, mimi, Somoe na Sharifa, na dude kwenye kapu. Mimi natumia ubao mdogo wa watoto wa chekechea, wa kuandika na kufuta. Yule kijana alituona akajua. Kabla hatujasalimiana akaonyesha ukutani palipoandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Sharifa akaeleza. Kijana akauliza, inafanya kazi haifanyi? Inafanya. Basi. Nikaandika kwenye ubao, na mwandiko wangu mnaujua, nikamwekea mbele ya uso: *Inafanya kazi lakini mke wangu hanisikii.*

Akaisoma kwa sauti, duka zima wasikie. Halafu akasema, "Mzee, wenzako wanalipa ili wake zao wasiwasikie."

Watu wakacheka. Nami katika maisha yangu nimetupiana maneno na watu wa sokoni tangu ndevu hazijaota, hakuna aliyewahi kunishinda kwa mdomo, na ningekuwa na sauti ningemvua nguo kijana yule kwa maneno mpaka akasahau jina la mama yake. Nilikuwa nimeshayapanga yote hapa kifuani. Yakakaa hapo. Nikaanza kupiga kaunta kwa kiganja. Nikapiga, nikapiga, vikombe vya maonyesho vikaruka, watu wakasogea, Sharifa ananishika mkono, Somoe anasema muacheni apige.

Aliyekuja ni Bwana Ramnik wa duka la magodoro, ukuta kwa ukuta na lile duka. Huyu ni Mhindi wa hapahapa, kazaliwa mtaa uleule na baba yake kazaliwa hapo. Miaka mingi alinunua kwangu matambara ya kujazia mito. Alikuwa hajaniona tangu niugue. Alitazama shingo yangu, akatazama ubao, hakupaza sauti kama wengine, aliniuliza taratibu, "Likwati, unapiga meza ya watu kwa nini?" Somoe akamweleza yote mpaka habari ya umeme umeisha. Ramnik akatuambia twende kwake.

Tukapita dukani kwake mpaka stoo ya nyuma. Sikilizeni niwaambie kuhusu stoo ya magodoro. Yamepangwa kutoka chini mpaka dari, kuta zote nne, ukiingia mlango ukafungwa, Kariakoo inazimika. Spika zote, honi zote, hakuna. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe inavyopita kwenye mpira. Sharifa akashusha sauti bila kuambiwa. Ramnik akasema hapo ndipo anapolala adhuhuri, na mke wake asijue.

Akafanya jambo ambalo mimi, mfanyabiashara mzima, sikulifikiria. Mali ikinunuliwa hairudi, sawa. Lakini sokoni kwetu, mteja akitaka kitu ambacho huna, unakimbia kwa jirani unachukua bila kulipa, unamwonyesha, akipenda unaweka chako juu ya bei, asipopenda unarudisha kabla ya kufunga. Kila mtu anafanya. Ramnik akatoka akazunguka maduka matatu, pamoja na lile lile la yule kijana, akasema ana mteja. Akarudi na mashine tatu na mpagazi nyuma yake. Yule kijana alimpa mwenyewe, tena kwa tabasamu.

Somoe akasema yeye ndiye atakayechagua, mimi ninyamaze. Akasema hivyo kweli, kisha akajiziba mdomo. Akaenda kusimama nje ya mlango wa stoo, ametupa mgongo, mlango wazi kiasi cha ule wa chumbani kwetu. Mashine inawashwa, mimi nagonga pete kwenye nguzo ya chuma, yeye akisikia ananyoosha mkono. Hatukuuliza tena kama mashine ina kelele. Tuliuliza kama Somoe ananisikia.

Ya kwanza ilikuwa na mluzi mwembamba, mkono haukunyooka. Ya pili ilikuwa kimya, kisha ghafla inakoroma maji yakishuka, ikikoroma mkono haunyooki, ikinyamaza unanyooka. Ramnik akasema hii inafaa kwa mtu anayekufa kwa ratiba. Ya tatu ilikuwa kama kopo la kunawia, nyeupe, mbaya, haina taa wala rimoti, ina kitufe kimoja cha kuzungusha. Ilitoka kwenye duka la yule kijana, alikuwa ameificha nyuma, aliona haya kuwaonyesha watu. Tukaiwasha. Nikagonga. Mkono ukanyooka. Nikagonga polepole. Ukanyooka. Nikagusa tu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Somoe alinyoosha mkono na hakuushusha, akabaki hivyo na mgongo wake umenielekea, mabega yanatikisika.

Ilikuwa ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Bwana Ramnik hakuweka chake juu. Na lile dude jeusi amelichukua Dada Hadija, amelitia mafuta yake ya udi, liko sebuleni kwake linanguruma na kunukia, wageni wanapiga kelele ili waongee, na anawaambia ni kitu cha gharama.

Kwa hiyo wewe uliyekatwa koo, au unayemuuguza aliyekatwa, usinunue kwa kutazama taa, na usijaribu kwenye kaunta. Tafuta pahali pa kimya, iwe stoo ya magodoro, iwe ua wa msikiti, iwe chumba cha rafiki, mpeleke yule atakayekusikia, agonge anayetaka kusikika. Chukua ya umande baridi. Maji yetu ya kisima ya chumvi yanaacha unga mweupe kila mahali, usiyatie, tia ya mvua yaliyochemshwa yakapoa, na uimwage na kuisugua kila siku, isije ikaota utelezi ukauvuta kifuani. Usitie udi, usitie mkaratusi, hata akija dada yako mkubwa. Iweke mbali na mlango, isikae kati yako na mtu wako. Na ninyi wa hospitali, mtu mnamwondoa sauti halafu mnamrudisha nyumbani bila kumuuliza atamwita nani na kwa kitu gani. Swali moja tu mngeuliza. Bado nina hasira na hilo na sioni sababu ya kuiacha.

Vuli ilipoanza nilizibwa tena. Mchana vilevile, baada ya kula. Mashine nyeupe inatoa umande wake pembeni, mvua inapiga bati, Somoe yuko chini ya kibanda uani. Nikagonga mara tatu. Sikungoja, nikagonga tena mara tatu, na tena, kwa hofu ya siku ile, pete kwenye chuma kama mtu anayepiga debe.

"Nimesikia, Baba Sharifa," akasema, na ndara zake tayari zilikuwa zinalia kwenye maji ya uani. "Acha kelele."

Nikaendelea kugonga mpaka akaingia.